Jumuiya ya Afrika Mashariki: jinsi sheria zinavyotungwa Arusha na zinavyotekelezwa nyumbani

Lori linaloondoka bandari ya Dar es Salaam likiwa na shehena ya kwenda Bujumbura hupita kwenye mizani kadhaa za barabarani kabla ya kufika mpakani Kabanga na kuvuka kuingia Kobero. Anayelipima ni mtumishi wa serikali ya Tanzania. Anayekagua hati za mzigo upande wa pili ni afisa wa Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR. Hata hivyo, kikomo cha tani 56 ambacho lori hilo halipaswi kukizidi, utaratibu wa maafisa wa nchi mbili kufanya ukaguzi mahali pamoja, na viwango vya ushuru vinavyotozwa kwa bidhaa zitokazo nje ya kanda, vyote vimo katika sheria ambazo hazikutungwa na bunge la Tanzania wala la Burundi peke yake. Ni sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu mjini Arusha.

Wananchi wengi wa nchi wanachama huisikia Jumuiya pale marais wanapokutana na kupiga picha ya pamoja. Ni wachache wanaofahamu kwamba Jumuiya ina bunge linalotunga sheria, mahakama inayoweza kuihukumu serikali, na baraza la mawaziri ambalo maamuzi yake yanazibana nchi zote. Ni wachache zaidi wanaofahamu kwamba mkazi wa kawaida wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali katika mahakama hiyo, na kwamba muda aliopewa kufanya hivyo ni miezi miwili tu.

Makala haya yanaeleza njia ambayo sheria ya Jumuiya hupita tangu kuandikwa hadi kutekelezwa, na mahali ambapo njia hiyo hukwama.

Chimbuko la Jumuiya na wanachama wake

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania, ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na nchi hizo hizo tatu, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Somalia ilikubaliwa mwishoni mwa mwaka 2023 na kukamilisha taratibu za kujiunga Machi 2024, ikawa mwanachama wa nane.

Mkataba huo ndio sheria mama ya Jumuiya. Chini yake zipo itifaki, ambazo ni makubaliano ya kina juu ya jambo moja moja, na kila itifaki huhitaji kuridhiwa na nchi wanachama kabla ya kuanza kutumika. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayohusu uhuru wa watu, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka mipaka, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki ya Umoja wa Sarafu ilitiwa saini Novemba 2013.

Chini ya itifaki zipo sheria zinazopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, kisha kanuni, maelekezo na maamuzi ya Baraza la Mawaziri. Ibara ya 8 ya Mkataba inasema kwamba vyombo, taasisi na sheria za Jumuiya vina nguvu kuliko vile vya kitaifa vinavyofanana navyo, katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba. Kwa maandishi, basi, sheria ya Jumuiya na sheria ya nchi zikigongana katika mambo hayo, ya nchi ndiyo inayopaswa kupisha.

Nani hufanya nini

Chombo cha juu kabisa ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Hukutana angalau mara moja kwa mwaka, hutoa mwelekeo wa jumla, huteua majaji wa Mahakama na kukubali wanachama wapya. Maamuzi yake hufanywa kwa maafikiano. Mwaka 2009 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa maoni ya ushauri kwamba maafikiano hayana maana ya kila mmoja kukubali kwa kauli moja, na kwamba Mkataba unaruhusu baadhi ya nchi kutangulia katika jambo fulani na nyingine kufuata baadaye. Hata hivyo, katika mambo mazito nchi moja inayokataa bado inaweza kusimamisha msafara mzima.

Baraza la Mawaziri ndilo injini ya Jumuiya. Hukutanisha mawaziri wanaoshughulikia mambo ya Afrika Mashariki na wengine wanaoteuliwa na nchi zao. Baraza hupeleka miswada bungeni, hutunga kanuni na hutoa maelekezo. Ibara ya 16 inaeleza kwamba kanuni, maelekezo na maamuzi yake yanazifunga nchi wanachama pamoja na vyombo vya Jumuiya, isipokuwa Mkutano wa Wakuu wa Nchi, Bunge na Mahakama.

Sekretarieti, inayoongozwa na Katibu Mkuu, ndiyo ofisi ya kila siku. Huandaa vikao na nyaraka, hufuatilia utekelezaji, na inaweza kuiandikia nchi inayoonekana kukiuka wajibu wake. Haina askari, wakaguzi wa mipakani wala hazina inayokusanya kodi. Jumuiya imekuwa ikiendeshwa kwa michango ya nchi wanachama, na michango hiyo inapochelewa, vikao vya Bunge na vya Mahakama navyo huahirishwa.

Bunge la Afrika Mashariki, linalofahamika zaidi kwa kifupi EALA, lilizinduliwa Novemba 2001. Kila nchi ina wabunge tisa, wakubwa kwa wadogo sawa: Burundi ina viti vingi kama Kenya, na Rwanda ina viti vingi kama Kongo. Wabunge hao hawachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Bunge la kila nchi huwachagua watu ambao si wabunge wake, na Ibara ya 50 inataka uchaguzi huo uwakilishe, kadiri iwezekanavyo, vyama vya siasa vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Kipindi chao ni miaka mitano, na mtu anaweza kurudi mara moja tu. Mawaziri wa Afrika Mashariki, Katibu Mkuu na Mwanasheria wa Jumuiya huingia kwa nyadhifa zao, lakini hawapigi kura.

Ili Bunge liweze kufanya maamuzi, haitoshi nusu ya wabunge waliochaguliwa kuwepo. Mkataba unataka pia awepo angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi. Kwa hiyo wabunge saba wa nchi moja wakitoka ukumbini kwa pamoja, kikao cha nchi zote hakina tena uwezo wa kupiga kura halali.

Safari ya muswada

Muswada unaweza kuletwa na Baraza la Mawaziri au na mbunge mmoja kwa jina lake mwenyewe, ilimradi wa mbunge usihusu kutoza kodi au kutumia fedha za Jumuiya. Husomwa, hupelekwa kwenye kamati, na mara nyingi kamati husafiri katika nchi wanachama kusikiliza maoni ya wadau. Ukirudi bungeni hujadiliwa kifungu kwa kifungu na kupigiwa kura, na wingi wa kura za waliopo ndio unaoamua.

Muswada uliopitishwa bado si sheria. Ibara ya 62 na ya 63 zinataka utiwe saini na Wakuu wa Nchi, na saini inayohitajika ni ya kila mmoja wao. Mamlaka hayo hawawezi kuyakasimu kwa mawaziri wao. Ikipita miezi mitatu bila muswada kuridhiwa, hurudishwa bungeni ukiwa na sababu na ombi la kuutazama upya. Bunge likishaujadili na kuupitisha tena, hupelekwa kwa mara ya pili. Kiongozi mmoja akikataa kuutia saini safari hiyo, muswada unakufa.

Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya inapoonekana. Katika Umoja wa Ulaya, sheria nyingi hupitishwa na Bunge la Ulaya pamoja na Baraza la mawaziri kwa wingi maalumu wa kura, yaani asilimia 55 ya nchi zenye angalau asilimia 65 ya wakazi wa Umoja. Nchi iliyoshindwa kwa kura bado inabanwa na sheria ambayo haikuiunga mkono. Katika Afrika Mashariki hakuna sheria ya Bunge inayoweza kuanza kutumika bila saini ya rais wa kila nchi.

Matokeo yake yanaonekana katika kalenda. Miswada ya kudhibiti uzito wa magari na ya kuanzisha vituo vya huduma za pamoja mipakani ilipitishwa na EALA mwaka 2013, lakini imeingia katika vitabu kama sheria za mwaka 2016. Kwa miaka yote hiyo, dereva wa malori aliendelea kukutana na kikomo kimoja cha uzito katika nchi moja na kingine katika nchi inayofuata.

Mfano mwingine ni mifuko ya plastiki. Mbunge mmoja wa EALA alileta muswada wa kuidhibiti katika kanda nzima. Mijadala ilidumu miaka, wenye viwanda wakipinga na watetezi wa mazingira wakiunga mkono, na kila nchi hatimaye ikaenda njia yake. Rwanda ilikwisha kupiga marufuku mifuko hiyo kwa sheria yake ya mwaka 2008. Kenya ilifuata Agosti 2017, Burundi ikatoa amri yake mwaka 2018 kwa kutoa muda wa maandalizi, na marufuku ya Tanzania ikaanza tarehe 1 Juni 2019. Lengo la muswada lilifikiwa kwa sehemu kubwa, lakini kwa tarehe tofauti, masharti tofauti na adhabu tofauti, na abiria aliyevuka mpaka na mfuko mkononi ndiye aliyezigundua tofauti hizo.

Sheria inayofanya kazi: forodha

Haitakuwa haki kusema kwamba sheria za Jumuiya hubaki kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 hutumika kila siku na mamlaka za mapato za nchi wanachama. Afisa wa forodha wa Namanga, Gatuna au Kobero anapokamata bidhaa za magendo, hufungua kitabu hicho. Rwanda na Burundi zilianza kuitumia Julai 2009.

Bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa viwango vya pamoja. Malighafi na mitambo kwa kawaida haitozwi kitu, bidhaa zilizosindikwa nusu hutozwa asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kiko kiwango cha nne cha asilimia 35 kwa bidhaa ambazo kanda inaweza kuzizalisha yenyewe kwa wingi, na zipo bidhaa chache zinazolindwa kwa viwango vya juu zaidi, kama mchele na sukari.

Sheria hii imefanikiwa kwa sababu mbili zinazoeleweka. Kwanza, inazipatia serikali mapato, na hakuna serikali isiyopenda kukusanya. Pili, inaacha mlango wa kupumulia. Kila mwaka, wakati wa kuandaa bajeti, nchi huomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani na kutumia kiwango chake kwa muda. Maombi yakikubaliwa hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Wafanyabiashara hulalamika kwamba maombi hayo yamekuwa mengi mno, na kwamba viwango vya pamoja vinapungua upamoja wake mwaka hadi mwaka.

Mahakama ya Arusha

Sheria inapovunjwa, mlango wa mwisho ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Nayo ina makao yake Arusha, na ina masijala ndogo katika nchi wanachama ambako hati za kesi zinaweza kuwasilishwa. Majaji wake hawazidi 15: hadi 10 katika Divisheni ya Awali na 5 katika Divisheni ya Rufani. Kipindi cha jaji hakizidi miaka saba.

Kesi inaweza kufunguliwa na nchi mwanachama dhidi ya nyingine. Katibu Mkuu naye anaweza kuiandikia nchi anayoona imekiuka Mkataba, nchi hiyo ikapewa miezi minne ya kujibu, na asiporidhika akalipeleka jambo kwa Baraza la Mawaziri, ambalo ndilo huamua kama liende mahakamani. Njia hizo mbili hutumika kwa nadra sana. Serikali hazipendi kushtakiana, na Katibu Mkuu anasita kuwashtaki wale wanaomteua na kulipa gharama za ofisi yake.

Njia ya tatu ndiyo iliyoipa Mahakama uhai. Ibara ya 30 inamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama, awe raia, kampuni au shirika, kuiomba Mahakama itamke kama sheria, kanuni, uamuzi au kitendo cha nchi au cha chombo cha Jumuiya kinakwenda kinyume na Mkataba. Halazimiki kuanza kwanza katika mahakama za nchi yake.

Iko pia njia ya nne, inayopita kwa majaji wa kitaifa. Kesi iliyo mbele ya mahakama ya nchi ikizua swali la tafsiri ya Mkataba, jaji anaweza kuisimamisha na kuipelekea Mahakama ya Arusha swali hilo. Ombi la kwanza la aina hiyo lilitoka Uganda, katika shauri la Tom Kyahurwenda, nalo lilijibiwa na Divisheni ya Rufani Julai 2015. Katika tafsiri ya Mkataba, kauli ya Mahakama ya Jumuiya ina nguvu kuliko ya mahakama za nchi.

Kesi zilizoijenga na kuitikisa

Mwaka 2006 Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walipinga namna Kenya ilivyowapata wabunge wake tisa wa EALA. Walidai kwamba majina yalipelekwa na vyama na kukubaliwa bila uchaguzi wowote kufanyika bungeni. Siku chache kabla ya wabunge kuapishwa, Mahakama ilitoa zuio la muda. Machi 2007 iliamua kwamba utaratibu uliotumika haukuwa uchaguzi kwa maana ya Ibara ya 50, na Kenya ikalazimika kubadili kanuni zake.

Jibu la kisiasa lilikuja haraka. Kabla hata hukumu haijatolewa, Wakuu wa Nchi walikwisha kukubaliana kuurekebisha Mkataba. Marekebisho hayo yaliigawa Mahakama katika divisheni mbili, yakaongeza sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji, na yakaweka ukomo wa miezi miwili kwa mwananchi anayetaka kushtaki. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kiliyapinga mahakamani. Mwaka 2008 majaji walisema kwamba kutowashirikisha wananchi katika marekebisho hayo kulikiuka misingi ya Mkataba, lakini hawakuyafuta. Ukomo wa miezi miwili ukabaki.

Kesi iliyofuata ilitoka Uganda. Watu waliokuwa wakishtakiwa kwa uhaini walipewa dhamana na Mahakama Kuu mwezi Novemba 2005, lakini askari wenye silaha wakalizingira jengo la mahakama na kuwarudisha mahabusu. James Katabazi na wenzake wakaenda Arusha. Serikali ilijibu kwamba Mahakama hiyo haina mamlaka juu ya haki za binadamu, na kwa kweli Ibara ya 27 inasema mamlaka hayo yatatolewa baadaye kwa itifaki. Tarehe 1 Novemba 2007 majaji waliamua kwamba hawawezi kuacha kazi yao ya kuutafsiri Mkataba kwa sababu tu malalamiko yanagusa haki za binadamu. Waliamua kuwa kuuzingira mlango wa mahakama kulikiuka utawala wa sheria, ambao ni msingi wa Mkataba wenyewe.

Mlango uliofunguliwa na hukumu hiyo umepitiwa na wengi. Mei 2015 Mahakama iliamua, katika shauri lililofunguliwa na chama cha waandishi wa habari wa Burundi, kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 2013 vilikwenda kinyume na Mkataba. Machi 2019 ilisema hivyo hivyo juu ya vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016. Mwezi huo huo iliamua kwamba Uganda ilikosea kuzitoza sigara zilizotengenezwa Kenya kodi kubwa kuliko zile za nyumbani, kama kwamba zilitoka nje ya Jumuiya.

Hukumu bila askari

Hukumu ikishatolewa, nani huitekeleza? Ibara ya 38 inasema nchi husika au Baraza la Mawaziri litachukua hatua bila kuchelewa. Ikiwa hukumu ni ya kulipa fedha, Ibara ya 44 inaelekeza itekelezwe kwa utaratibu wa mashauri ya madai wa nchi inakotekelezwa. Ikiwa ni ya kubadili sheria au kuacha kitendo, hakuna wa kuitekeleza zaidi ya serikali ile ile iliyoshindwa. Nchi inayokaidi inaweza kuwekewa vikwazo, kusimamishwa au hata kufukuzwa, lakini maamuzi hayo yako mikononi mwa Wakuu wa Nchi, na rais hakimbilii kumwadhibu mwenzake kwa kosa ambalo kesho laweza kuwa lake.

Ulaya ilikutana na tatizo hilo hilo ikaipa mahakama yake uwezo wa kutoza faini. Oktoba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliiamuru Poland ilipe euro milioni 1 kwa kila siku ambayo ingeendelea kukaidi agizo lake kuhusu majaji, na fedha hizo zikakatwa kwenye mgao wa nchi hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina mgao mkubwa wa kukata, na Mkataba wake hauipi Mahakama uwezo kama huo.

Mganda Sitenda Sebalu aliipima hali hiyo kwa vitendo. Mwaka 2011 alipata hukumu kwamba kuchelewa kupanua mamlaka ya Mahakama, kama Ibara ya 27 ilivyoahidi, kulikiuka Mkataba. Alipoona hakuna kilichofanyika alirudi mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ikakubali kwamba hata kuchelewa kuitekeleza hukumu yake ni ukiukaji mwingine. Itifaki iliyotiwa saini baadaye iligusa mambo ya biashara. Haki za binadamu hazikuwekwa.

Wakazi wa mipakani wanaufahamu upungufu huu bila kusoma hukumu yoyote. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja haikuacha kuwa sheria hata siku moja katika miaka hiyo karibu mitatu. Njia ilifunguka pale serikali mbili zilipozungumza na kuelewana.

Miezi miwili

Kwa mwananchi anayefikiria kwenda Arusha, kikwazo cha kwanza ni kalenda. Miezi miwili huhesabiwa tangu sheria kutungwa, uamuzi kutolewa au kitendo kufanyika, au tangu siku mlalamikaji alipofahamu. Mwaka 2012 Divisheni ya Rufani iliitupa kesi juu ya mateso na mauaji ya Mlima Elgon nchini Kenya kwa sababu ilichelewa, ikakataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea huongeza muda. Novemba 2023 kesi ya mashirika ya kiraia dhidi ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda hadi Tanga ilitupwa na Divisheni ya Awali kwa sababu hiyo hiyo: mikataba waliyoilalamikia ilikuwa imekwisha kufahamika mapema zaidi, na hoja zao juu ya mazingira na ardhi za wanavijiji hazikufika kusikilizwa.

Kikwazo cha pili ni lugha. Ibara ya 137 iliiweka lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, ikaelekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, lakini miswada, Gazeti la Jumuiya na hukumu vimezoea kuandikwa kwa Kiingereza. Muuzaji wa vitambaa wa Buyenzi au fundi wa Biryogo, ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya biashara na ya mtaani, huihitaji miezi miwili hiyo kwanza kwa kutafuta mtu wa kumsomea kilichoamuliwa.

Anayeona kwamba sheria mpya, kodi au amri ya serikali inamnyima haki aliyopewa na Mkataba au Itifaki ya Soko la Pamoja anapaswa kuandika tarehe aliyoifahamu, kutunza stakabadhi na barua zake, na kumwona wakili mapema, kwa kuwa mashauri yanayoendelea katika mahakama za nyumbani hayasimamishi hesabu ya siku Arusha. Hati anaweza kuziwasilisha kwenye masijala ndogo ya Mahakama katika nchi yake bila kusafiri. Na hata hukumu ikichelewa kutekelezwa, inabaki katika kumbukumbu za Jumuiya: ilikuwa hivyo kwa hukumu ya Katabazi, ambayo tangu mwaka 2007 imetumiwa na walalamikaji wengine kila serikali inapodai kwamba jambo lao halina pa kusikilizwa.